Nani Atashuka Kusukuma?

Ubishi huu nimeupanga mwenyewe, na nasema mapema ili mtu asije Ipagala kuutafuta. Gereji yenyewe nimeijenga kwa maneno: ua wa mabati, mwarobaini mmoja, ndoo ya oili chafu, benchi lililotokana na siti ya Noah. Ubishi nimeuweka Ipagala kwa sababu ndipo jiji la Dodoma linapokutana na vumbi lake. Nyumba mpya zilizoota baada ya Serikali kuhamia huku zipo, lami ipo, na mwendo mfupi tu nje ya mji unaingia kwenye mashamba ya mtama, makorongo ya mchanga na udongo mweusi wa mbuga. Mtu akiota gari la porini akiwa hapa, hana haja ya kusafiri kwenda kulijaribu.

Swali ni hili. Tukitaka kuunda gari la kujiendesha, lisilo na mtu ndani, litoke mjini na kasha la chanjo, lipite mbuga na makorongo mpaka zahanati ya kijiji cha ndani kule upande wa Bahi, kisha lirudi, kwenda na kurudi kama kilomita 200, tuanze na gari gani? Akili ya kompyuta tuiache kwanza. Nauliza chuma: tununue chuma kipi, ndipo tukitoboe na kukifunga kamera na mota?

Sauti ni nne. Yupo dereva mstaafu, zaidi ya miaka thelathini kwenye magari ya Serikali na malori. Yupo fundi, mwenye gereji. Yupo binti wa mwaka wa nne wa uhandisi, ambaye ametandika gazeti kabla ya kukaa kwenye benchi la oili. Na yupo muuguzi. Alikuja kuchukua pikipiki yake, akasikia watu wanabishana, akabaki.

DEREVA: Mnapoteza muda bure. Gari la kazi hiyo lilishatoka mwaka 1984 na mpaka leo wenyewe hawajaona cha kulibadilisha. Land Cruiser mkonga. Chesisi yake unaweza kujengea daraja. Chukua yenye injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, haijui kompyuta ni mdudu gani. Ile ndefu ina matangi mawili ya lita 90; ukijaza hapa, sheli nyingine ukaione Kigoma. Nimepita nayo Mtera kabla ya lami, nimepita Kondoa kabla ya lami. Haya, nitajieni jingine.

BINTI: Babu, shikamoo nilishakupa, kwa hiyo sasa nakupinga bila kuvunja adabu. Hapo unapolisifia ndipo linaponishinda. Gari lisilojua kompyuta ni kiziwi. Mimi nataka kuliambia kwa waya, ongeza mafuta kidogo. Mkonga wako unasubiri mguu uvute kebo mpaka kwenye pampu. Basi nifunge mota ya kuvuta kebo. Nyingine ya breki. Nyingine ya klachi, na klachi ndiyo mbaya kuliko zote, maana haitaki nguvu, inataka hisia. Za gia ni mbili, moja ya kusukuma mbele na nyuma, nyingine ya kupeleka pembeni. Kabla sijafunga kamera hata moja, nimeshaongeza vitu vitano vya kuharibika.

FUNDI: Sita. Umesahau usukani.

BINTI: Sita. Na somo hili Wamarekani walishalilipia ada. Tarehe 13 Machi 2004, DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi lao, iliweka dola milioni moja kwa gari lolote lisilo na mtu litakalovuka jangwa la Mojave, kama kilomita 230. Halikufika hata moja. Lililokwenda mbali kuliko yote lilikuwa gari la jeshi, Humvee, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakiliita Sandstorm. Lilikwenda kilomita 12. Wakarudia tarehe 8 Oktoba 2005, zawadi ikawa dola milioni mbili, njia kilomita 212. Safari hii yakafika matano. La kwanza lilikuwa Stanley wa Chuo Kikuu cha Stanford, Volkswagen Touareg ya dizeli, babu, gari la mtu kwenda nalo kazini! Saa 6 na dakika 53. Mafuta na breki zake tayari zilipokea amri kwa umeme, kompyuta ikaongea nazo bila mkalimani. Mota waliyoongeza ya maana ilikuwa ya usukani.

DEREVA: Na lile Humvee la kilomita 12?

BINTI: Nalo lilirudi. Likawa la pili, dakika 11 nyuma.

DEREVA: Lilelile?

BINTI: Lilelile. La mwaka 1986.

DEREVA: Basi chuma kilichofia kilomita 12 ndicho kilichomaliza 212. Umenisaidia, mwanangu. Kilichobadilika ni kichwa. Kwa hiyo nipe mkonga wangu, wewe kahangaike na kichwa.

Mzee kamshika hapo, na sidhani kama binti alitegemea. Wanaosimulia mashindano yale hupenda kuishia kwa Stanley, kwa kuwa ndiye mshindi na ana jina zuri. Kwangu mimi Sandstorm ndiye shahidi mkubwa zaidi: gari moja, mwaka mmoja na nusu katikati, umbali karibu mara kumi na nane. Lakini ushahidi wake una upande wa pili ambao mzee hajauona, na bado hatujaufikia.

FUNDI: Chuma nacho kilikuwa na neno lake, msikiruke. Lilikuwepo gari jingine la chuo hichohicho, H1ghlander, Hummer la kiraia. Ndilo lililokuwa linaongoza mwaka 2005. Njiani injini ikaanza kukosa pumzi, mlima linapanda kwa kujikongoja, likapitwa, likamaliza la tatu. Wataalamu wote wale hawakujua sababu. Wamekuja kuijua mwaka 2017, miaka kumi na miwili baadaye: kidude kidogo cha kuchuja umeme, kati ya kontrolo boksi na nozeli. Ukikibonyeza, injini inazimika. Sasa wao wana chuo kizima na imewachukua miaka kumi na miwili. Mimi nina tochi na spana. Gari likinijia hapa linasuasua, nataka niwe nimelijua kabla adhana ya magharibi haijalia.

BINTI: Kwa hiyo na wewe unataka mkonga?

FUNDI: Sijasema hivyo. Mkonga mchovu tu hapa Dodoma bei yake unajenga nyumba ya vyumba vitatu. Mwanafunzi atatoboa gari hilo? Mkono utamtetemeka.

Kabla fundi hajatoa lake, nina neno la pembeni, na si fupi. Mkoa huu umewahi kuchagua chuma cha porini kwa kiwango ambacho hakijarudiwa, na ukapoteza. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na mpango wa karanga. Ulaya ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Wakapiga hesabu ya ekari milioni tatu na robo, sehemu kubwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25. Matrekta mapya hayakupatikana, viwanda vyote vilikuwa vimetoka vitani. Wakanunua yaliyotumika, mengine kutoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalipopungua, wakafanya jambo ambalo lingependeza kila mvulana wa darasa la tano: walichukua vifaru vya Sherman, wakang'oa mzinga na deraya, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta. Wakaviita Shervick.

Ukiwaza kwa kichwa cha dereva wetu, hakuna chuma bora. Kifaru! Kimepita mabomu, kitashindwa na miiba ya Kongwa? Kilishindwa, pamoja na wenzake wengi. Mizizi ilipinda majembe. Udongo mwekundu wa pale ukiwa na mvua unalimika, ukikauka unakuwa tofali, na ndani yake kuna chembe za mawe zinazosaga chuma kama msasa. Mto Kinyasungwe ulifurika ukabeba reli, na reli ndiyo ilikuwa njia kuu ya kupitisha mizigo kutoka Dar es Salaam. Matrekta yakalala kwa mamia yakisubiri vipuri vilivyokuwa ng'ambo ya bahari. Januari 1951 mpango ukafutwa. Hasara inayotajwa ni pauni milioni 36.

Kila mtu pale kwenye benchi ana Kongwa yake.

DEREVA: Waliharibu kwa kuwapa watu mashine wasiyoijua. Dereva wa wiki mbili unampa kifaru?

FUNDI: Vipuri. Hakuna jingine. Trekta zima linalala kwa ajili ya beringi moja iliyoko Uingereza.

BINTI: Walinunua chuma kwanza, wakapima udongo baadaye.

MUUGUZI: Na sisi hatujapima. Tumekaa hapa tunataja magari.

Hakuna aliyemjibu. Fundi alikuwa na zamu yake na aliisubiri muda mrefu.

FUNDI: Haya. Mimi naleta Kirikuu.

DEREVA: Astaghfirullah.

FUNDI: Subiri, mzee wangu. Suzuki Carry, injini ya sisi 660, urefu mita 3.4, upana mita moja na sentimita 48. Tafuta ile yenye fowili. Otomatiki zipo, klachi ya binti tumeshaizika. Za miaka ya karibuni zina usukani wa umeme, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye mti wa usukani kuna sensa inayopima mkono wa dereva unasukuma wapi, mota inamsaidia. Ukiidanganya ile sensa kwa volti kidogo, mota inageuza gari yenyewe, wala hujafunga chuma kipya. Spea ziko kila mtaa. Na wembamba ule una faida: kompyuta ya binti ikikosea njia kwa futi mbili, mkonga umeshaingia mtaroni, Kirikuu bado iko barabarani.

BINTI: Umeme je? Nina kamera, nina rada, nina kompyuta. Altaneta ya Kirikuu ni ya taa na redio.

FUNDI: Wale wa Stanley walikuwa na kompyuta sita kwenye buti, na kiyoyozi chake. Wewe leo unazo ngapi?

BINTI: Moja. Inaingia kiganjani.

FUNDI: Basi.

DEREVA: Matairi ya inchi 12! Kama visosa vya chai. Korongo la mchanga linameza tairi hiyo mpaka kwenye nati. Na jiwe la kawaida tu linapiga sampu. Mnakumbuka Safari Rally? Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Saba! Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakarudi saba tena. Ile barabara ilikuwa inachuja, haina huruma na visosa.

FUNDI: Na mara zote mbili yalishinda magari gani, mzee?

DEREVA: ...Peugeot 404.

FUNDI: Saluni. Haina fowili, inasukuma nyuma tu. Na Joginder Singh, Simba mwenyewe, mwaka 1965?

DEREVA: Volvo.

FUNDI: Volvo iliyotumika, ilishakimbizwa mwaka mmoja kabla. Saluni tena. Basi matairi nitaongeza, nitalinyanyua inchi mbili, hoja yako ya visosa naichukua. Ila usiniambie ukubwa ndio unaofikisha.

Hapa muuguzi alishusha kofia ya pikipiki miguuni, na naamini ndipo mjadala ulipoanza kwa kweli.

MUUGUZI: Samahani, kaka zangu. Huyo Joginder alikuwa peke yake ndani ya gari?

DEREVA: Hapana, na mdogo wake, Jaswant.

MUUGUZI: Gari likinasa?

DEREVA: Mmoja anashuka anasukuma. Na wanakijiji wanakuja, Safari ilikuwa hivyo, watu wamejipanga kwenye matope wanasubiri magari.

MUUGUZI: Na wewe, baba, miaka thelathini, umewahi kutoka na mkonga peke yako msimu wa mvua?

DEREVA: Hata siku moja. Lazima utingo. Kwenye mkonga tunamwita tu kijana, lakini ni utingo. Nikifika kwenye maji namshusha aingie kwanza na fimbo. Nikinasa anakata matawi, anachimba, anaita watu. Watu wanakuja, mnakubaliana soda.

MUUGUZI: Sasa binti, hilo Humvee la kilomita 12. Lilishindwa kwa nini?

Binti alichukua muda kidogo.

BINTI: Lilikata kona vibaya likapanda tuta. Tumbo likakaa juu ya tuta, tairi za mbele zikawa zinazunguka bila kushika, kompyuta ikawa inaongeza mafuta, mpaka mpira ukashika moto. Likazimwa.

MUUGUZI: Hakukuwa na wa kushuka.

BINTI: Hakukuwa na wa kushuka.

Huu ndio upande wa pili wa ushahidi wa Sandstorm nilioutaja. Gari la jeshi, matairi mapana, injini kubwa, limekwama mahali ambapo vijana wawili na jembe wangelitoa. Sisi tunapotaja uimara wa Land Cruiser huwa tunataja kikosi kizima bila kujua: chuma, dereva, utingo, winchi, jembe la kukopa kwenye nyumba ya jirani, na wanaume sita waliokuwa wanatoka kilabuni. Ukimtoa mtu ndani ya gari, unatoa nusu ya gari. Na gari zito linakuwa zito maradufu siku hiyo.

DEREVA: Kuna winchi.

FUNDI: Nani atafunga kamba? Na mbugani kule utaifunga wapi, kwenye mkia wa ng'ombe?

MUUGUZI: Mimi nawaambia ninachokiona. Chanjo inakuja kwa bodaboda, kasha limefungwa nyuma kwa mpira. Udongo mweusi ukilowa unashika tairi mpaka chini ya bawa, tairi inagoma kuzunguka. Kijana anashuka, anakwangua kwa kijiti, anasukuma hatua ishirini, anakwangua tena. Akishindwa, anabeba kasha kichwani anakuja kwa miguu. Nimeshampokea hivyo, suruali tope mpaka kiunoni na chanjo iko salama. Sasa nyie mnamtoa huyo. Sikatai, siku nyingine hapatikani, au kuna mafuriko sitaki ahatarishe roho. Lakini niambieni gari lenu likizama, nani atalitoa. Maana atakayepigiwa simu ni mimi.

BINTI: Kwa nini lisiruke? Rwanda wanarusha damu kwa ndege zisizo na rubani tangu 2016.

MUUGUZI: Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba na huku zitakuja, kituo cha kwanza Dodoma. Ningezipokea kwa vigelegele. Lakini zile hubeba chini ya kilo mbili, na kasha langu kubwa likijaa silinyanyui peke yangu.

Fundi hakusema kitu. Aliita vijana wake wanne, akawaonyesha Kirikuu iliyokuwa inasubiri bushi, akawaambia wanyanyue matako yake. Walishika bampa, wakahesabu, tairi mbili za nyuma zikaachana na ardhi, wakaisogeza pembeni kama mtu anayehamisha kabati. Mmoja alikuwa anacheka.

DEREVA: Tupu hiyo. Weka mzigo.

Saruji ilikuwepo, ya jirani anayejenga. Mifuko minne ilipangwa nyuma, kilo 200, badala ya betri, kompyuta, fremu ya kamera na kasha la muuguzi. Vijana walewale wanne wakashika, wakahesabu, gari likapumua kwenye springi likakaa. Akaingia fundi. Halikutoka. Akaingia dereva mwenyewe, mstaafu, amekunja mikono ya shati. Sita. Likanyanyuka kiganja kimoja, wakalitupa upande, wote wakakohoa.

Upande wa pili wa ua palikuwa na mkonga, umekuja kwa ajili ya pampu. Hakuna aliyependekeza wajaribu.

MUUGUZI: Sita. Mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, watu wote wako mashambani. Nyumbani utakuta bibi na watoto wawili.

FUNDI: Basi saruji ipungue. Binti, kilo zako ngapi kwa kweli? Usinipe za kitabuni.

BINTI: Nikitoa fremu ya chuma nikaweka ya alumini, nikaacha betri moja... Tisini. Na kasha.

FUNDI: Andika tisini. Ikizidi tisini hupati gari.

Nilipenda amri hiyo. Wahandisi wengi huanza na vyombo wanavyovitaka ndipo watafute gari la kuvibeba. Hapa gari limepimwa kwa mikono ya watu wa boma moja, na vyombo vikaambiwa vijibane. Lakini dereva hakuwa ameshindwa, na alichosema baadaye ndicho kilichonifanya niandike.

DEREVA: Sawa, Kirikuu. Nimekubali kwa mgongo wangu. Lakini mnajua dereva mzuri wa huku ni yupi? Mnadhani ni yule anayevuka. Anayevuka ni kijana, tunamzika kijana. Korongo la Dodoma halina maji ya mwaka mzima. Mvua inanyesha mbali huko mlimani, wewe uko kwenye jua, unasikia mvumo, maji yanashuka na magogo. Kaa saa tatu, saa sita, yanaisha, mchanga unabaki. Mimi nimelala kwenye kingo nimekula mkate mkavu. Bosi anagomba nyuma, ana kikao. Nimemwambia, mheshimiwa, kikao kina kesho.

BINTI: Roboti haina njaa, babu.

DEREVA: Ndiyo maana nakwambia! Hapo ndipo inanizidi. Haina njaa, haina bosi, haina mke anayepiga simu. Ifundishe kukaa. Mnataka kuifundisha kuvuka, ifundisheni kukaa.

BINTI: Kasha litavumilia?

MUUGUZI: Chanjo inataka nyuzi mbili hadi nane. Kasha kubwa likipakiwa barafu sawasawa, usiku mmoja kwenye kingo si kitu. Wasilifungue njiani tu.

BINTI: Na injini inazimwa inapokaa, kwa hiyo tangi dogo linatosha. Na ikikaa inaokoa umeme. Nguvu ya farasi kumbe hata haikuwa...

FUNDI: Wewe andika.

DEREVA: Na mbigili. Tairi ikitoboka mimi nasikia kwenye makalio. Yenyewe haina makalio.

FUNDI: Sensa ya upepo kila tairi, na dawa ya pancha ndani. Hilo ni langu. Ng'ombe je? Ikigonga ng'ombe wa Mgogo, analipa nani? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaja dereva kila ukurasa.

DEREVA: Ikae. Ikiona ng'ombe, ikae.

Binti alicheka, akaandika neno hilo mara ya tatu kwenye daftari. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamsumbua tangu mzee ataje utingo na fimbo.

BINTI: Babu, ukiwa umekaa pale kwenye kingo. Unajuaje kwamba sasa unaweza kuvuka?

DEREVA: Nachomeka fimbo pale maji yanapoishia. Navuta sigara moja, zamani nilikuwa navuta. Nikimaliza, kama fimbo iko ndani ya maji, yanapanda, narudi nyuma. Kama imebaki kwenye tope, yanashuka. Nachomeka nyingine mbele yake. Fimbo ya tatu ikibaki kavu, namtuma kijana aingie. Yakimfika chini ya magoti, nawasha gari.

BINTI: Fimbo kamera inaiona vizuri kabisa. Ikiwa na rangi, hata usiku.

DEREVA: Najua itaiona. Nani ataichomeka?

Fundi alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwenye kona ya mabati yanapowekwa mabaki ya chuma, akavuta kipande cha nondo ya milimita 16, akakisimamisha ardhini kikamfika kifuani, akakiangalia juu mpaka chini.

FUNDI: Tunachomeka sisi, kiangazi. Tunapiga zege chini, tunapaka nyekundu na nyeupe kila sentimita kumi. Yenyewe ije isome tu. Sista, makorongo mangapi mpaka kwako?

MUUGUZI: Saba. Manane ukipita njia ya chini, na msimu wa mvua ni lazima upite njia ya chini.

FUNDI: Nondo moja ya mita 12 inatoa vipande sita vya mita mbili. Tununue mbili.